Nimerudi kwenye blogu, na safari hii sihami

Nimefuta akaunti zangu za mitandao ya kijamii. Sikuzisimamisha kwa muda, nimezifuta kabisa. Facebook na Instagram hukupa siku 30 za kubadili nia, na ukiingia tena ndani ya siku hizo akaunti inafufuka, kwa hiyo nimeziondoa na programu zake kwenye simu ili kidole kisinirudishe kwa mazoea. Kuanzia sasa, anayetaka kusoma ninachoandika kuhusu ushonaji atakikuta hapa kwenye blogu.

Wengi wameniuliza kama nimekasirika, kama kuna mtu kanitukana, kama nimechoka na makelele ya huko. Hapana. Wala sikuwa nashinda kwenye simu. Mshonaji mikono yake muda mwingi imeshika kitambaa. Kilichoniondoa ni kwamba nilichoandika kule kilikuwa hakikai. Leo kipo, keshokutwa kimefunikwa na mengine, na aliyekihitaji anakuja kuuliza upya kana kwamba hakijawahi kuandikwa.

Nitaeleza kwa jambo moja tu. Kama unashona, hili umeshakutana nalo: unaanza mshono, cherehani inakoroma, unageuza kitambaa na kukuta nyuzi zimejisokota upande wa chini, fundo juu ya fundo. Karibu kila mwanafunzi anakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa kuwa uchafu uko chini na bobini iko chini. Anaitoa, anaipuliza, anakaza skrubu ya kibeti chake (kikasha kinachoishika), na mambo yanazidi kuharibika. Mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu haukukaa katikati ya zile sahani mbili ndogo zinazoubana, kwa hiyo unashuka ukiwa umelegea na kurundikana chini ya kitambaa. Haukukaa kwa sababu ulipitishwa huku ule mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, sahani zimefungana, na uzi hauwezi kuingia kati yake. Nyanyua mguu, toa uzi wote, upitishe upya tangu kwenye kibiringo, kisha shusha mguu na uvute uzi kwa vidole kabla hujashona. Lazima uusikie unagoma. Usipogoma, rudia.

Maelezo hayo niliyatoa mitandaoni mara nyingi mno. Niliyaweka chini ya picha, nikayasema kwenye video fupi, nikayaandika kama jibu kwenye picha za watu wengine. Kila mara watu walishukuru, na hazipiti siku nyingi mwingine anauliza lile lile. Simlaumu hata mmoja wao. Hawakuwa na njia ya kuyafikia yale ya mwanzo. Hata mimi mwenyewe nilishindwa kuyapata. Nilikuwa nashuka na skrini mpaka macho yanauma, halafu naona ni nafuu kuandika upya.

Halafu siku moja nikawa natafuta kipimo cha zamani cha suruali, nikakumbuka kwamba kiko kwenye blogu niliyoiacha. Nilipoingia nikakuta makala niliyoiandika mwaka 2011 kuhusu tatizo hilo hilo la uzi, na chini yake kuna maoni mapya. Watu walikuwa bado wanaifikia kwa kutafuta tu, wanaisoma, wanatengeneza mashine zao. Mmoja alikuwa ameeleza aina ya cherehani yake, ya kukanyaga, na jinsi alivyogundua kwamba sahani zake zimeshika mabaki ya uzi uliokatikia ndani, akayatoa kwa ukingo wa karatasi. Alikuwa ameniongezea elimu kwenye ukurasa ambao mimi nilikuwa nimeusahau. Makala ile ilikuwa pale pale, kwa anwani ile ile, ikifanya kazi miaka yote niliyokuwa najibu swali moja upya kule kwingine.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu kabla ya kuamua.

Nadhani inafaa kukumbuka kwamba mitandao hii haikuanza ilivyo sasa. Facebook ilipofunguliwa mwaka 2004, ulimtembelea mtu kwenye ukurasa wake kuona kipya. Ule mtiririko wa habari unaokujia wenyewe ulianzishwa Septemba 2006. Kitufe cha kupenda kikafuata Februari 2009. Twitter na Instagram kwa miaka yao ya mwanzo zilipanga machapisho kwa wakati tu, jipya juu, la jana chini, na ukifika ulipoishia jana unajua umemaliza. Mwaka 2016 zote mbili zikaanza kuyapanga kwa kukadiria ni lipi litakaloshika jicho lako zaidi. Tangu hapo, aliyeamua kukufuata alikuwa hana hakika ya kuona ulichoandika, na wewe huna hakika ya kuonekana na watu waliokuchagua wenyewe.

Mimi naona hapo ndipo maandishi yetu yalipobadilika, na yangu pia. Niseme ilivyokuwa katika ushonaji. Uzuri wa kazi ya fundi uko upande wa ndani wa nguo. Ukitaka kujua gauni limeshonwa na nani, ligeuze: tazama kingo zimepigwa ovaloki au zimefungwa, bitana imekaa bila kuvuta, pindo limeshikwa kwa mishono midogo isiyotokea nje, pembe za kola zimepunguzwa kitambaa kabla ya kugeuzwa ndiyo maana zimesimama. Hayo yanahitaji aya tatu na picha za karibu, na msomaji aliyekaa chini. Mtandaoni nilijifunza haraka kwamba picha ya ndani ya nguo haiendi popote. Picha ya gauni lililovaliwa, mwanga mzuri, mtu anazunguka: hiyo inaenda. Basi nikaanza kupiga za nje. Kisha nikaanza kuchagua hata kazi za kuonyesha kwa kufikiria ipi itapigika vizuri. Wanafunzi waliokuwa wananifuata wakawa wanaona magauni yaliyokamilika, hawaoni yalivyokamilika. Wengine walikata tamaa wakidhani mkono wao ni mzito, kumbe hawakuwahi kuonyeshwa kwamba pasi inashikwa baada ya kila mshono, na kwamba nusu ya unadhifu wa nguo unatoka kwenye pasi.

Hilo linaniuma kuliko mengine yote. Mtu anayejifunza ufundi anahitaji hatua za katikati, zile zisizopendeza. Blogu inaziruhusu. Hapa naweza kuandika maneno elfu mbili juu ya kuweka zipu iliyofichwa, nikaonyesha kila hatua, na asiyezihitaji akapita zake bila kumharibia anayezihitaji.

Kabla ya kufuta akaunti nilipakua kumbukumbu zangu zote. Mitandao mikubwa ina sehemu ya kuomba nakala ya data yako. Tangu ile sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika Mei 2018, haki ya kupewa data zako na kwenda nazo kwingine imeandikwa wazi kwa watu wa huko, na huduma hiyo ipo hata kwa sisi wa kwingine. Unaomba, unasubiri, unaletewa faili kubwa iliyofungwa. Nikaifungua usiku mmoja nikiwa nimejiandaa kuhamishia kila kitu huku.

Ndani kulikuwa na folda nyingi. Picha zilikuwa zimepewa majina ya tarakimu ndefu, bila maelezo niliyoyaandika. Maelezo yalikuwa kwenye faili lingine. Video hazikuwa na kichwa. Na majibu yangu, yale niliyoyaandika kwa miaka nikiwasaidia watu, yalikuja peke yake, bila maswali. Maswali ni mali ya waliouliza, kwa hiyo hayakuwemo. Nilisoma mistari kama hii: “Ndiyo, lakini kwanza geuza sindano, upande bapa uelekee nyuma.” “Hapana, usikate bado.” “Umetumia sindano namba ngapi? Kwa jinzi weka 100, hiyo 70 ni ya vitambaa vyepesi.” “Pole sana. Hiyo inarekebishika.” Sikuweza kujua nilimwambia nani asikate, wala alikuwa anataka kukata nini. Kurasa kwa kurasa za sauti yangu nikizungumza na watu walioondolewa chumbani. Yaliyofaa kuokolewa yalikuwa machache, na hayo nimeyaandika upya kutoka kichwani.

Tena nilikuwa na bahati ya kupata nakala. GeoCities, ambako watu wa kawaida walijenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa Oktoba 2009. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa mwanzoni mwa 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, Aprili 2019. Mwaka huo huo wa 2019 MySpace ilitangaza kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa miaka kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Waliopoteza hawakuwa wamevunja kanuni yoyote. Waliweka kazi zao kwenye nyumba isiyo yao, na mwenye nyumba akawa na mipango mingine.

Blogu nayo inaweza kufa, najua. Tofauti ni kwamba naweza kuibeba. Hapa nimesajili jina langu la kikoa, yaani anwani yangu ya tovuti, ambalo nalilipia kila mwaka (majina ya .com unaweza kuyalipia hadi miaka kumi kwa mkupuo), na nyuma yake nimeweka WordPress, programu ya kuendeshea blogu. Programu hiyo ilitolewa na Matt Mullenweg na Mike Little mwezi Mei 2003, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kampuni inayonikodishia nafasi kwenye seva ikinizingua, nachukua faili zangu na hifadhidata, naenda kwa kampuni nyingine, na anwani inabaki ile ile. Msomaji hajui hata kama nimehama. Nakala ya blogu nzima iko kwenye diski ninayoiweka kabatini pamoja na vitambaa.

Kama huna fedha za kikoa, usisubiri. Blogger, huduma ya kufungulia blogu, ipo tangu Agosti 1999, Google iliinunua mwaka 2003, na mpaka leo inatoa nafasi bila malipo. Makala yangu ya 2011 iliishi huko. Ila jizoeze kushusha nakala mara kwa mara. Sehemu ya kufanya hivyo ipo kwenye mipangilio.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: sasa tutajuaje kama umeandika kitu kipya? Jibu lipo na ni la siku nyingi. Linaitwa RSS. Ni faili dogo ambalo blogu hulitengeneza yenyewe, lenye orodha ya makala za karibuni, na programu ya kusomea hulichungulia kila baada ya muda na kukuletea mapya. Lilianzia Netscape mwaka 1999. Watu wengi walidhani limekufa Google ilipofunga programu yake ya kusomea, Google Reader, tarehe 1 Julai 2013, na kweli siku zile blogu nyingi zilipoteza wasomaji wao, yangu ikiwemo. Lakini kilichofungwa kilikuwa msomeo mmoja, yaani programu moja tu ya kusomea. RSS yenyewe haina mwenyewe wa kuifunga. Podikasti unazosikiliza zinasambazwa kwa njia hiyo hiyo hadi leo.

Kwenye blogu za WordPress, ongeza neno feed mwishoni mwa anwani na utakuwa umepata mlisho wake, yaani lile faili la RSS. Uchukue, uubandike kwenye msomeo kama Feedly, Inoreader au NetNewsWire. Hata Thunderbird, ile programu ya barua pepe, inasoma milisho. Kisha unaona kila blogu uliyoichagua, kwa mpangilio wa tarehe, na ukimaliza kusoma imekwisha. Hupangiwi cha kusoma kwa kukadiria kitakachoshika jicho lako. Mimi nafungua msomeo wangu asubuhi nikisubiri pasi ipate moto. Nafuata washonaji kadhaa, mtu mmoja anayeandika juu ya kufuma, na mwingine wa kutengeneza saa ambaye huandika labda mara mbili kwa mwaka. Huyu wa saa mtandaoni ningemsahau kabisa, maana aandikaye mara mbili kwa mwaka huko hayupo. Kwenye msomeo wangu akiandika namwona, hata ikipita miezi minane.

Kuna waliopendekeza nihamie Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii, na wengine wakaniambia niandike kwenye blogu kisha nisambaze viungo kila mahali. Hilo la pili lina watetezi wazuri kwenye IndieWeb, kundi la watu wanaohimiza kila mtu awe na tovuti yake mwenyewe, na kwa mtu mwenye nguvu za kufuatilia sehemu zote ni njia ya maana. Mimi silitaki kwa sababu moja: nikisambaza kule, majadiliano yanafanyika kule, na majibu yanapotelea kule. Yule mtu wa mabaki ya uzi kwenye sahani angeniandikia chini ya kiungo, na asubuhi yake maelezo yake yangekuwa hayapatikani. Nataka alichokijua yeye kikae pamoja na nilichokijua mimi, ukurasa mmoja.

Nimepoteza vitu, na sitaki kuvipunguza. Wateja wengine walinijua kupitia picha zile za nje, na sasa hawatanikuta kwa bahati. Kuna ndugu ambao habari zao nilikuwa nazipata kule tu, inabidi sasa nipige simu, na wengine sijapiga bado. Kuna ukimya pia. Unaandika makala kwa jioni kadhaa, unaichapisha, na hakuna kinachotokea. Hakuna namba inayopanda. Wiki za kwanza nilikuwa nafungua ukurasa tena na tena kuona kama kuna mtu. Nimekwisha kuondoa kihesabu cha wasomaji, nacho hakinisaidii kushona wala kuandika.

Badala yake zinakuja barua pepe. Ni chache, lakini ni ndefu. Juzi mama mmoja alinitumia picha za sketi aliyoishona kwa kufuata makala ya hapa, na picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya ndani: kiuno kimegeuzwa nje, bitana imeshikwa kwa mkono kuzunguka zipu, mishono imelingana. Aliandika, “Fundi, nimekuonyesha ndani kwanza kwa kuwa najua ndiko utakakoangalia.” Nimemjibu kwa kirefu, kwa sababu kuna mahali kwenye pembe ya chini ya zipu pangekaa vizuri zaidi kama angeachia kitambaa kidogo kabla ya kushikiza, na kwa ruhusa yake nimeiongeza picha hiyo kwenye makala pamoja na maelezo.

Hilo la kuongeza ni uhuru mwingine nilioukosa. Makala za hapa nazirudia. Nikijifunza njia bora ya kushona mfuko wa pembeni, narudi kwenye makala ya mfuko, narekebisha, naandika juu tarehe ya marekebisho. Anayekuja mwakani anapata toleo bora. Kule, kilichochapishwa kikishapita hakina maana kukirekebisha hata kama kitufe kipo, kwa sababu hakuna atakayekiona tena.

Na kila makala ninayoimaliza naiombea hifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Unaingiza anwani ya ukurasa, wanapiga nakala na kuitunza. Kurasa zinazodai kwanza uingie kwa akaunti haziwezi kuhifadhiwa hivyo. Za hapa ziko wazi, hazimuulizi mtu nenosiri, kwa hiyo nikiugua au nikishindwa kulipia kikoa, makala ya uzi itaendelea kusomeka.

Zinazofuata zimeshapangwa: kola ya shati kuanzia kukata hadi pasi ya mwisho, kisha namna ya kuchagua sindano kwa kila kitambaa, maana bado naona watu wanashona hariri kwa sindano ya turubai. Pembeni mwa ukurasa nimerudisha orodha ya blogu ninazozisoma, ile tuliyokuwa nayo zamani kila mtu kwenye blogu yake. Kwa sasa ni fupi. Kama unaandika, iwe juu ya ushonaji, useremala, saa, chochote unachokifanya kwa mikono na unakijua kwa ndani, niandikie barua pepe yenye anwani yako. Nitaisoma yote kuanzia makala ya kwanza, na nikiipenda nitaiweka hapo.